Bado Naitwa Mama Simiti

Ukipanda matatu ya Kikuyu tao, ikashika Waiyaki Way, utapita katikati ya historia ya wanyama wagonjwa wa nchi hii na pengine usigeuze hata shingo. Ukishaipita Kangemi, ukikaribia Uthiru, uko Kabete. Hapo kuna maabara ya mifugo ya serikali iliyoanza mwaka 1910, na kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi inayofundisha madaktari wa mifugo tangu 1962. Ukisonga mbele ya Kikuyu unafika Muguga, na Muguga ndiko Walter Plowright na wenzake walikotengenezea chanjo yao ya sotoka, kazi iliyoanza miaka ya 1950. Sotoka ndiyo iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, Wamaasai wakabaki na mazizi matupu. Chanjo ya Muguga ikasambaa, Plowright akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa pili tu kuwahi kufutwa kabisa. Wa kwanza ni ndui.

Mimi naishi Uthiru. Majirani zangu ni watu wanaojua haya yote kuliko mimi. Lakini paka wangu alipovimba tumbo mwaka 2022, mtu wa kwanza kulitaja jina la ugonjwa wake alikuwa mama mmoja wa Kawangware anayeuza mitumba. Daktari alikuja kuthibitisha baadaye. Mama yule alikuwa ameuona kwa macho yake, kwa paka wawili, na wote walikuwa wamekufa.

Nimefikiri sana kwa nini ikawa hivyo. Naona kila mnyama aliingia kwenye faili za serikali kwa mlango wake. Ng'ombe aliingia kwa bei. Kondoo vilevile: Eustace Montgomery, daktari wa mifugo wa enzi za mkoloni aliyefanya kazi Kabete, mwaka 1917 alieleza ugonjwa mmoja unaoenezwa na kupe, na mpaka leo dunia nzima inauita ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Mwaka 1921 akaandika juu ya homa iliyokuwa ikimaliza nguruwe wa walowezi, ile ile ambayo miaka hii imewatoa jasho wafugaji wa Uchina na Ulaya. Mbwa aliingia kwa hofu. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na tangu hapo serikali haijamsahau mbwa; mpango wa sasa wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa ni wa 2014 hadi 2030. Hata punda wa Lamu, ambaye hana mafaili mengi, alipata kituo chake cha matibabu mwaka 1987.

Paka hakuwa na bei na hakumtisha mtu. Alikuwa na kazi tu. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, mji ukiwa bado ni kambi ya reli iliyopata maduka, wakuu waliichoma moto Bazaar ya Wahindi. Mji wa magunia ya nafaka, panya na kinamasi haukuhitaji kuelezwa faida ya paka. Na bado yuko kazini. Pita City Market upande wa samaki, au vichochoro vya River Road maduka yakifungwa, utawaona, kila mmoja na eneo lake, hakuna anayewaita kwa jina. Wahenga wa pwani walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Akiugua apelekwe wapi, hilo hawakulisema.

Hata chama cha kutetea wanyama, KSPCA ya leo, kilipoanza mwaka 1910 kikiitwa cha Afrika Mashariki nzima, kilichowakusanya waanzilishi ni mateso ya maksai waliokuwa wakivuta mikokoteni. Sasa hivi makao yao ya Karen yanapokea paka na kuwatafutia nyumba, na ni heri. Ila imekuwa safari ndefu kutoka kwenye nira ya maksai hadi kwa paka wa bedsita.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita kwa herufi tatu, FIP. Unatokana na virusi vya korona vya paka, ndugu wa mbali wa ile korona yetu ya 2020. Paka wengi hubeba virusi hivyo tumboni wakaharisha kidogo au wasionyeshe dalili yoyote. Kwa wachache, hasa wadogo, virusi vinajigeuza ndani ya mwili na kuanza kushambulia. Homa inapanda na antibiotiki haziishushi. Tumbo linajaa maji ya manjano, mazito kidogo, yanayovutika kama ute wa yai. Daktari wa Boston aitwaye Jean Holzworth aliueleza mwaka 1963, na kwa zaidi ya miaka 50 baada ya hapo kupewa jina la ugonjwa huo kulikuwa sawa na kupewa tarehe ya mazishi.

Kilichobadilisha mambo hakikuanza na kampuni ya dawa. Mwaka 2005 huko Marekani, mwanamke aitwaye Susan Gingrich alifiwa na paka wake mdogo, Bria, kwa FIP. Angeweza kulia, kununua mwingine, akaendelea na maisha. Badala yake alianzisha mfuko kwa jina la Bria chini ya shirika la utafiti wa afya ya paka, na pesa za mfuko huo zikasaidia kugharamia utafiti wa ugonjwa ambao kampuni kubwa hazikuuona kama biashara. Paka wa Gingrich alikuwa amekwisha kufa. Hakuna dawa ambayo ingemrudishia. Mimi hapo ndipo ninapomshangaa.

Kule California, Niels Pedersen wa Chuo Kikuu cha UC Davis alikuwa akiufuata ugonjwa huu tangu miaka ya 1960. Mwaka 2019 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwatibu paka 31 kwa dawa iitwayo GS-441524, sindano kila siku kwa wiki 12. Paka 26 walimaliza matibabu hayo. Watano hawakufika, wengi wao wakiwa wamekufa au kulazwa usingizi wa mwisho ndani ya siku tano za mwanzo. Na kati ya wale 26, wanane ugonjwa uliwarudia, wakaanzishiwa matibabu upya. Ni hao waliowafanya watafiti waiongeze dozi mara mbili. Siku 84 ambazo wenye paka wa FIP wamekuwa wakizihesabu ukutani zinatokana na paka hao.

Dawa hiyo ni ndugu wa damu wa remdesivir, ile waliyopewa wagonjwa wa korona. Mwili ukiivunja remdesivir, GS ndiyo inayobaki. Gilead, kampuni iliyokuwa na haki zake, haikuitoa kwa matumizi ya paka. Kwa hiyo watu wakaipata kwa mlango wa nyuma, kutoka maabara za Uchina, chupa ndogo zisizo na leseni, bei ya kuumiza kichwa. Wenye paka wa nchi mbalimbali wakafundishana kupima uzito, kukokotoa dozi na kudunga sindano, wakati madaktari wengi hawakuruhusiwa hata kuigusa. Uingereza ilipata njia halali mwaka 2021. Marekani, nyumbani kwa utafiti wenyewe, ilisubiri mpaka 2024.

Kundi letu la Nairobi ni mtoto wa historia hiyo. Ni watu wachache wa Kangemi, Kawangware, Kinoo, Lavington, mmoja wa Ngara. Kuna mwalimu wa shule ya msingi, kuna askari wa usiku, kuna mwanafunzi wa Kabete anayetukemea tukitaja dawa za binadamu, hasa panadol, maana panadol inaua paka. Mimi sikumaliza chuo, na nilichokuwa nikisomea hakikuhusu damu wala ini. Kusoma karatasi ya vipimo vya damu nilifundishwa na yule mama wa mitumba, kwa simu, usiku, akinitajia mstari kwa mstari: angalia globulini, sasa angalia albumini, gawanya.

Chupa ya kwanza ya Simiti ilitoka kwa familia ya Kinoo ambayo paka wao alikuwa amefariki siku ya 40. Walinipa bure. Simiti, ambaye nilimwita hivyo kwa rangi yake, alifika siku ya 11. Chupa ilibaki nusu. Keshoye ikaenda Ngara.

Kwenye kundi hakuna anayetumia jina lake. Unaitwa kwa jina la paka: Baba Rambo, Mama Tangawizi, Mama Simiti. Nadhani hakuna aliyelipanga hili. Ndivyo tunavyoitana nchi hii. Shosho yangu alizikwa akiitwa kwa jina la kifungua mimba wake, ambaye alikufa kabla sijazaliwa. Mwenye kupoteza mtoto hapokonywi jina. Kwa hiyo Simiti alipokufa niliendelea kuitwa Mama Simiti, na mwezi wa kwanza niliumia kila simu ilipolia. Mwezi wa tatu ningeumia wangeniita vinginevyo.

Lakini kubaki hakukosi ubishi. Mwaka jana mgeni mmoja, kijana ambaye paka wake alikuwa siku ya sita, aliuliza kwa upole kabisa kama wale waliofiwa wanaweza kwenda mahali pao. Alisema kila akisoma jina la paka aliyekufa anashindwa kushika sindano. Wengine walimuunga mkono. Baba Rambo, ambaye paka wake alipona na sasa ni mnene kupita kiasi, alisema kundi si matanga. Nje ya kundi nilikuwa nimeshazoea ya "paka tu" na "si uchukue mwingine, wamejaa huko nje." Hii ilikuwa tofauti, kwa sababu kijana alikuwa na hoja. Woga wake ulikuwa wa kweli, na mkono unaotetemeka unamwaga dawa.

Niliandika jibu refu nikalifuta, nikaandika fupi. Nilimwambia dozi aliyopewa paka wake imetokana na wale wanane wa California ambao ugonjwa uliwarudia. Nilimwambia kwamba tunapomuuliza kila siku kama paka amekula, na ufizi una rangi gani, ni kwa sababu mtu fulani hakuulizwa. Waliopona huondoka mapema, na ni haki yao. Mtu akipona haendelei kukaa hospitalini. Wanaobaki wakikumbuka siku ya tatu ilikuwaje mara nyingi ni wale ambao hawakufika siku ya 84. Tukifukuzwa, mgeni wa kesho atawakuta wageni wenzake.

Tulikubaliana jambo dogo. Habari za kifo haziandikwi tena kila mtu akaziona. Anaambiwa mtu mmoja, naye anawajulisha wanaotaka kujua. Na kila mgeni anapewa watu wawili wa kumpigia: mmoja ambaye paka wake alipona, mmoja aliyefiwa. Mama wa mitumba ndiye aliyelipendekeza hilo la wawili.

Nikichoka nawaza Kupro. Ni kisiwa ambako wachimbuaji waliwahi kukuta kaburi la mtu lenye paka kando yake, la miaka takriban 9,500, kabla ya Misri kuanza kuwachora kwenye kuta. Mwaka 2023 FIP ya aina mpya ilisambaa huko kati ya paka wa mitaani, wakafa kwa wingi. Wenye paka na madaktari wao walipiga kelele mpaka mwezi wa nane serikali ikakubali tembe za korona zilizobaki ghalani, zilizonunuliwa kwa ajili ya watu, zitumike kwa paka. Dawa ilikuwepo muda wote, na kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba paka anastahili. Ghala za hapa sijui zina nini. Ninachojua ni kwamba kutoka ploti yangu hadi lango la Kabete ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu, na kwamba mwanafunzi wetu anasema mwaka huu amewaona paka wengi kliniki kuliko alivyotarajia, wakiletwa ndani ya vikapu vya kiondo na katoni za maziwa.

Wiki hii aliyeongezwa ni dada mmoja wa Kangemi. Paka ana kilo mbili na robo, amempima kwenye mizani ya mama mboga, na anataka kujua kama mizani hiyo inaaminika. Nimemwambia ampime yeye mwenyewe unga wa kilo mbili hapo kwanza, aone inasoma ngapi.