Mfungwa wa Mwaka 1975 na Somo Lake Kwetu Watu wa Koboko





Sisi wa Koboko tukisafiri, hatukosi kuulizwa: "Ninyi ndio watu wa Amin?" Wengine huuliza kwa mzaha, wengine kwa chuki. Vijana wetu hawajui wajibu nini, kwa sababu nyumbani jambo hili halizungumzwi. Leo tulizungumze kupitia kisa kimoja cha mgeni aliyefungwa katika nchi yetu.

Denis Hills alikuwa Mwingereza, mwalimu, aliyefundisha Uganda kwa miaka mingi. Aliandika mswada wa kitabu, The White Pumpkin, na ndani yake akamwita Rais Idi Amin mdhalimu wa kijijini. Kitabu kilikuwa hakijatoka. Mwaka 1975 akakamatwa, na mwezi wa Juni mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo kwa kupigwa risasi, kwa kosa la uhaini. Tuzingatie hapo: mtu ambaye hakuwa raia wa Uganda, ambaye hakushika silaha, alihukumiwa kwa maneno ya kwenye karatasi, na waliomhukumu ni wanajeshi.

Malkia wa Uingereza alituma barua ya kumwombea. Walioileta ni Jenerali Chandos Blair na Meja Iain Grahame, maofisa waliomfahamu Amin tangu alipokuwa askari wa KAR. Walipelekwa huku kwetu West Nile, hadi Arua, wakapokelewa katika nyumba ya nyasi yenye mlango mfupi, ambayo mtu haingii bila kuinama. Picha ya mzungu akiinama ilikuwa na utamu wake kwa watu waliotawaliwa, na hatukatai. Lakini aliyelipa gharama ya utamu huo ni mwalimu mmoja aliyekuwa gerezani akihesabu siku.

Amin hakuridhika na barua. Alitaka Waziri wa Mambo ya Nje, James Callaghan, aje mwenyewe. Tarehe 10 Julai 1975 Callaghan alifika Kampala, akakabidhiwa Hills, wakaondoka naye. Basi ikabainika kwamba mfungwa alikuwa kama rehani: serikali mbili zinagombana, na mtu mmoja anashikwa ili upande wa pili upige magoti.

Wala hakuwa yeye peke yake. Julai 1973 vijana 112 wa Kimarekani wa Peace Corps, waliokuwa njiani kwenda Zaire, walizuiwa Entebbe ndege yao ilipotua kujaza mafuta. Mwaka 1976, baada ya utekaji wa ndege ya Air France, bibi mzee Dora Bloch aliachwa Hospitali ya Mulago. Alichukuliwa kutoka kitandani akauawa, na mabaki yake yalipatikana mwaka 1979. Alikuwa na uraia wa Uingereza pia, na Julai 1976 Uingereza ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uganda.

Ndugu zetu, Amin alikuwa Mwislamu, na ukoo wa baba yake ni wa hapa Koboko. Je, tumtetee? Uislamu hautuambii hivyo. Katika Suratul Maidah aya ya 8 tumeamrishwa kwamba chuki yetu juu ya watu isitufanye tuache uadilifu. Suratul Insan aya ya 8 inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka. Na baada ya Badr, baadhi ya mateka waliojua kusoma walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Mtume (S.A.W.) aliwafanya mateka walimu, sisi tulimfanya mwalimu mateka.

Lakini wanaotuuliza nao wana lao la kujibu. Amin alipoanguka mwaka 1979, kisasi kilishuka West Nile. Wazee na watoto ambao hawakuwahi kumhukumu mtu walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na wanajeshi wa serikali. Kosa lao lilikuwa ni kwao tu. Dhulma ni ile ile: Hills aliadhibiwa kwa ugomvi wa serikali yake, na sisi tuliadhibiwa kwa makosa ya mtu mmoja.

Basi kijana akiulizwa, ajibu hivi: "Ndiyo, ni wa kwetu. Alidhulumu, na sisi tukadhulumiwa kwa jina lake." Jibu hilo halina aibu.

Mwisho, jambo la manufaa. Watu wetu huvuka Oraba kwenda Sudan Kusini kila siku kwa biashara, na vijana wanakwenda Ghuba kufanya kazi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu kazi za kibalozi unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe. Anayesafiri aijue haki hiyo, na aache nyumbani nakala ya pasipoti pamoja na namba ya ubalozi. Hills alikuwa na Malkia wa kumwandikia barua. Mtoto wa Koboko akishikwa ugenini, wa kwanza kumsemea ni familia yake.

Allah awafungulie njia wote waliofungwa kwa dhulma. Amin.

Wabillahi tawfiq.