Dawa Ilipopanda Pikipiki

Basi linalotoka Dodoma kwenda Singida likishapita Bahi na Kintinku huanza kuung'ang'ania mlima. Pale ndipo Bonde la Ufa linapokoma na nyanda za Manyoni zinapoanza. Karibu na ukingo huo, katika kata ya Solya, ipo Sukamahela, ambako serikali ina makazi ya wazee wasiojiweza na watu walioathiriwa na ukoma. Makazi ya aina hiyo yapo sehemu nyingine pia: Kolandoto Shinyanga, Ipuli Tabora, Bukumbi Mwanza, Fungafunga Morogoro, Nunge Kigamboni. Abiria wengi hupita Sukamahela wakiwa wamesinzia. Lakini historia ya pikipiki na wazee katika mkoa wa Singida haieleweki bila kushuka hapo kwanza.

Kwa miongo mingi ukoma haukuwa ugonjwa tu, ulikuwa anwani. Aliyebainika kuwa nao alihamishwa. Wajerumani walianzisha makambi ya wenye ukoma sehemu nyingi za koloni lao, Waingereza wakayarithi, na wamisionari wakayaendesha mengine. Wilaya ya Manyoni ilikuwa mikononi mwa Waanglikana wa Australia, ambao tangu Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoundwa mwaka 1927 walijenga shule na zahanati katika nchi ya Wagogo, na hospitali ya Kilimatinde ni sehemu ya urithi wao. Mgonjwa alifika kambini kwa miguu au kwa machela, akapewa kipande cha ardhi alime, akajenga kibanda, akaoa au kuolewa humo humo.

Dawa ya dapsone ilipoanza kutumika baada ya Vita ya Pili ya Dunia, kambi ilipata sababu mpya ya kuendelea kuwepo. Kidonge kilitakiwa kumezwa kwa miaka, na kwa wengi maisha yote. Katika nchi kavu kama ile, ambapo kutoka kijiji kimoja hadi zahanati ni mwendo wa kutwa nzima, nani angekuwa anatembea kufuata vidonge kila mara? Ilikuwa rahisi zaidi mgonjwa akae jirani na kabati la dawa, na akikaa miaka kumi, nyumbani wanamzoea kuwa hayupo.

Pikipiki zenyewe hazikuwa ngeni Afrika Mashariki. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoivamia Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1916, yalikuwa na kikosi kizima cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini, na mwishoni mwa Julai mwaka huo askari wa van Deventer, kamanda wake mmoja, wakitokea Kondoa, walikuwa wameikamata reli ya kati kuanzia Dodoma hadi upande wa Kilimatinde. Baada ya vita, kwa miaka mingi, chombo hicho kilibaki cha bwana shamba, bwana mifugo, padri na mfanyabiashara mmoja mmoja wa mjini. Mwanakijiji alikitambua kwa mlio kabla hajakiona, naye alijua kinakuja na mtu wa serikali au wa dini.

Mabadiliko yaliletwa na daktari mmoja wa kifua kikuu. Karel Styblo alizaliwa Czechoslovakia, akafungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na humo akaambukizwa kifua kikuu. Alipona, akasomea udaktari, baadaye akahamia Uholanzi. Mwaka 1977 Tanzania ilipoanzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, yeye ndiye aliyekuwa mshauri wake mkuu. Jambo lililokuwa geni wakati huo ni kuyaunganisha magonjwa hayo mawili chini ya mtu mmoja katika kila wilaya: mratibu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka zahanati zote, kuhesabu vidonge, kukagua rejista, kumtafuta aliyeacha dawa. Mratibu asiyetembea hana kazi, na ili atembee alihitaji pikipiki.

Uamuzi huo ulikuja wakati mgumu. Vita ya Kagera ilizuka mwaka 1978, bei ya mafuta ikapanda duniani, fedha za kigeni zikawa adimu. Gari la wilaya lingeweza kulala karakana mwaka mzima likisubiri kipuri. Pikipiki ilitumia mafuta kidogo, ilipita kwenye njia za ng'ombe, na plagi yake ilisafishwa na mpandaji mwenyewe kando ya njia. Mratibu wa Manyoni alihitaji chombo kama hicho kuliko wenzake wengi, maana wilaya yake wakati huo ilianzia bondeni Kintinku, ikapita Itigi na vichaka vyake visivyopenyeka, ikaenda hadi mpakani na Tabora.

Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ukoma utibiwe kwa mchanganyiko wa dawa, rifampicin, clofazimine na dapsone, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeanza kuizoea dapsone ikitumika peke yake. Tanzania ilianza kuutumia mchanganyiko huo mwaka 1983. Tiba sasa ilikuwa na mwisho: miezi 6 kwa wenye ugonjwa mwepesi, miaka kama 2 kwa wenye ugonjwa mzito. Sharti lilikuwa kwamba mara moja kwa mwezi mgonjwa ameze dozi yake mbele ya mhudumu wa afya. Mtu angeweza kuugua, kutibiwa na kupona bila kuhama kijijini kwake, mradi dawa zifike zahanati kwa wakati. Na zilifika, mara nyingi zikiwa zimefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi nyuma ya kiti cha pikipiki.

Simulizi za pikipiki katika Afrika Mashariki hupenda kuanza na kijana wa bodaboda. Huyo ana sura yake, lakini si ya kwanza. Kabla yake kulikuwa na mratibu wa wilaya, mtumishi wa mshahara mdogo, vumbi hadi kwenye kope, ambaye jina lake halimo kwenye kitabu chochote. Utaratibu aliousukuma yeye na wenzake wa Tanzania ulichukuliwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990, ukawa msingi wa vita dhidi ya kifua kikuu duniani kote. Na mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa 1 wa ukoma kwa kila watu 10,000.

Hapo ndipo maana ya makazi kama Sukamahela ilipogeuka. Wagonjwa wapya walitibiwa makwao. Waliobaki makazini ni wale ambao tiba iliwafikia wakiwa wamechelewa: waliopona vimelea lakini vidole vimekunjika, nyayo hazina hisia, macho yamefifia, na huko walikotoka hakuna tena anayewangoja. Wengine walikuwa na watoto na wajukuu waliozaliwa pale pale. Miaka ikapita. Kambi ya wagonjwa ikazeeka pamoja na watu wake, ikawa makazi ya wazee.

Kisha ikaja pikipiki ya pili, bodaboda, yenye kelele zaidi. Chanzo chake ni mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 vijana walivusha watu kwa baiskeli. Mtambo wake nao una asili yake: mwaka 1976 Honda ilitoa pikipiki ya CG125 kwa ajili ya nchi ambazo watu hawabadilishi oili kwa wakati, na viwanda vya China vikaja kuuiga muundo wa injini hiyo kwa bei nafuu mno. Toyo, SanLG na T-Better zikaingia Tanzania, zikifuatwa na Boxer na TVS za India. Serikali ilihangaika kwanza kuamua kama hicho ni chombo cha abiria, hadi kanuni za mwaka 2010 zilipoirasimisha biashara hiyo chini ya SUMATRA, mamlaka ya usafiri ambayo mwaka 2019 nafasi yake ilichukuliwa na LATRA.

Singida iliipokea bila kusita. Mkoa wa kuku wa kienyeji, alizeti na vitunguu, wenye vijiji vilivyotawanyika mbali na lami, ulikuwa umeisubiri. Tenga la kuku lililobebwa kwa baiskeli tangu alfajiri sasa linafika barabara kuu kabla jua halijawa kali. Idadi ya watu nayo iliongezeka, kutoka 1,370,637 katika sensa ya 2012 hadi 2,008,058 mwaka 2022, na vijana wasio na shamba la kuwatosha wakajaza vijiwe vya Manyoni, Itigi, Ikungi na Kiomboi.

Kwa mzee, kupanda bodaboda ni kazi yenye hatua zake. Kiti kiko juu, usawa wa kiuno. Dereva mwenye adabu atasema shikamoo, atashusha miguu yote miwili chini, atainamisha pikipiki kidogo na kungoja. Asiye na adabu atapiga honi. Mwanamke mwenye khanga huona aibu kutanua miguu, akikaa upande anakosa pa kushika. Kwa aliyepoteza hisia kwa ukoma kuna hatari nyingine isiyosemwa vijiweni: bomba la moshi. Abiria wa kawaida likimgusa huruka. Asiye na hisia mguuni anaweza kusafiri kilomita 10 shavu la mguu likiungua, akagundua anaposhuka, na kidonda cha namna hiyo huchukua miezi. Kuendesha mwenyewe ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa klachi inataka vidole vinne vinavyofunga na kufunguka. Bajaji ya magurudumu matatu inamfaa kuliko pikipiki, ila bajaji hupenda lami, na wazee wengi wanaishi isikofika lami.

Wapo pia wazee wanaoshika usukani wenyewe. Bwana mifugo aliyeendesha Honda ya serikali miaka 30 haachi kuendesha kwa sababu ametimiza miaka 60 na kupewa barua ya kustaafu. Wengine hungoja pikipiki chakavu za ofisi zipigwe mnada na kununua ile ile waliyoizoea. Mwaka 2018 serikali iligawa pikipiki zaidi ya 2,800 kwa waratibu elimu kata nchini, na miongoni mwao walikuwamo walimu wa miaka hamsini na kitu waliojifunza gia uwanjani, wanafunzi wakichungulia madirishani.

Wengi zaidi, hata hivyo, hawaendeshi: wanamiliki. Kiinua mgongo kikitoka, mwalimu mstaafu anashauriwa na kila jirani, na ushauri ni ule ule: nunua pikipiki, mpe kijana. Kwa mkataba, kijana huleta hesabu kila siku au kila wiki hadi kiasi walichokubaliana kitimie, kisha chombo kinakuwa chake. Kila mstaafu wa Singida ana hadithi ya kijana aliyemaliza mkataba vizuri, na nyingine ya aliyetokomea Igunga na pikipiki. Mabishano ya kikokotoo cha mafao yaliyozuka baada ya mifuko ya pensheni kuunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, malipo ya mkupuo yaliposhushwa hadi asilimia 25 kabla ya kanuni kusitishwa, na mwaka 2022 kuwekwa asilimia 33, vijiweni yalisikika kwa hesabu nyepesi: mwalimu wetu atanunua pikipiki ngapi?

Wakazi wa Sukamahela hawana kikokotoo. Walikuwa wakulima na wafugaji, hawajawahi kukatwa mchango wa mfuko wowote. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo hutibiwa bure katika vituo vya serikali. Nauli ya kumfikisha kwenye kituo hicho haimo. Kwa hiyo mzee wa kijijini anayetaka kwenda kupima presha Manyoni mjini huuza kuku asubuhi, kisha hupatana bei ya kwenda na kurudi kabla hajapanda, maana dereva akishamshusha hospitali na foleni ikawa ndefu, atataka pesa ya kungoja.