Nyoka wa Shambani na Haki ya Mwenye Shamba

Mkulima aishiye mbali na mji hakosi jirani ambaye hakumwalika. Panya hufuata nafaka ghalani, nyoka humfuata panya, na mwenye nyumba, atokapo usiku bila taa, humkanyaga nyoka. Hiyo ndiyo asili ya ajali nyingi za nyoka wenye sumu katika mashamba ya Afrika ya Mashariki, na lugha ya Kiswahili yenyewe ni shahidi wa ujirani huo wa siku nyingi. Watu wasiolazimika kumjua nyoka wangetosheka na neno moja tu. Waswahili, lakini, humtenga chatu, ambaye hana sumu, na kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, alalaye njiani asisogee hata akisikia vishindo vya miguu. Humjua swila, arushaye mate ya sumu machoni. Na humjua koboko, mwepesi kuliko wote, ambaye sumu yake hudhoofisha pumzi. Ajuaye jina hujua na tabia, na ajuaye tabia hujua mahali pa kuweka mguu.

Habari za watu walioshughulika na nyoka zimezoea kusimuliwa kama habari za ushujaa: nani alimshika nyoka kwa mkono mtupu, nani aliumwa asife. Habari hizo zina utamu wake, lakini huficha swali lililo kubwa zaidi. Dawa ya kupinga sumu hutokana na sumu yenyewe. Sumu hutokana na nyoka aliye hai. Na nyoka huyo, mara nyingi, hutokana na shamba la mtu. Basi ni haki kuuliza: nyoka akiisha kukamatwa na kuchukuliwa, mwenye shamba hurudishiwa nini? Jawabu lilikuwa mbalimbali katika mahali patatu, yaani Usukuma, jimbo la São Paulo katika Brazil, na Newala katika kusini ya Tanganyika. Na tofauti hizo ndizo zifaazo kuchunguzwa.

Katika nchi ya Usukuma, iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, palikuwa na vyama vingi vya ngoma ambavyo kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Wanunguli waliwinda nungu walioharibu mazao. Wayeye walishughulika na nyoka. Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika na mchunguzi wa mila, aliandika habari za chama hicho cha Buyeye katika jarida la Africa mwaka 1946. Wayeye walifukua nyoka katika mashimo na vichuguu, wakaitwa nyumbani kwa watu kuwaondoa, wakawatibu walioumwa, na siku za ngoma wakacheza nao mbele ya watu. Wao wenyewe walichanjwa dawa ambayo ndani yake mlikuwa na sumu ya nyoka pamoja na miti shamba, wakiamini kuwa mwili uliokwisha kuonja sumu kidogo hautashindwa na sumu nyingi.

Hapana haja ya kuzidisha sifa za dawa hizo. Si kila nyoka aumaye ana sumu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Kwa hiyo mganga yeyote, hata akitumia jani lisilo na nguvu, ataona wagonjwa wengi wakipona, na sifa zake zitaenea. Mti shamba haujathibitishwa kuwa waweza kumwokoa mtu aliyepata sumu kamili ya koboko. Hata hivyo, lipo jambo moja katika desturi za Wayeye ambalo halihitaji kuthibitishwa na maabara. Elimu yao ilikaa palepale nyoka alipokaa. Mwenye shamba aliyeita Wayeye aliondolewa nyoka wake, na siku mtoto wake alipoumwa aliwajua watu wa kuwaendea, tena karibu. Nyoka alitoka shambani, na msaada, kwa kadiri ulivyokuwa, ulirudi shambani.

Wakati huohuo elimu ya namna nyingine ilikuwa imekwisha kuanza katika nchi za mbali, nayo pia ilianza kijijini. Mwaka 1891 mafuriko katika wilaya ya Bac Lieu, karibu na mlango wa mto Mekong, yaliwafukuza swila mashimoni wakaingia vijijini, wakauma watu wapatao 40, na wanne kati yao wakafa. Nyoka waliokamatwa wakiwa hai walipelekwa Saigon ndani ya pipa, kwa daktari kijana Mfaransa, Albert Calmette, aliyekuwa ameanzisha maabara ya Pasteur katika mji huo. Mwaka 1894 Calmette kwa upande wake, na Césaire Phisalix pamoja na Gabriel Bertrand kwa upande wao, walitangaza mjini Paris kwamba mnyama aliyezoezwa sumu kidogo kidogo hupata katika damu yake kitu cha kuipinga, na kwamba kitu hicho chaweza kumkinga mnyama mwingine. Ndiyo asili ya seramu: farasi huchanjwa sumu kwa vipimo vinavyoongezeka, kisha damu yake hutolewa na kusafishwa, nayo huwa dawa ya binadamu. Wazo la Wayeye na wazo la Calmette yalifanana kwa sura. Tofauti ni kwamba Calmette aliweza kupima.

Calmette alidhani seramu yake ingefaa kwa nyoka wote. Aliyemwonyesha kosa lake alikuwa daktari wa Brazil, Vital Brazil, aliyefanya kazi katika jimbo la São Paulo, ambako vibarua wa mashamba ya kahawa waliumwa mara kwa mara. Aliijaribu seramu iliyotengenezwa kwa sumu ya swila juu ya sumu ya nyoka wa Brazil, akaona haifai kitu. Akafahamu kwamba kila jamii ya nyoka yataka seramu yake, na kwamba kwa hiyo kila nchi haina budi kukusanya nyoka wake yenyewe. Mwaka 1901 ilianzishwa rasmi taasisi iliyokuwa katika shamba la Butantan, nje ya mji wa São Paulo, ambako yeye alikuwa mkurugenzi wa kwanza.

Hapo ndipo ulipofanywa mpango ambao haujasifiwa ipasavyo. Taasisi iliwahitaji nyoka wengi walio hai, na waliokuwa nao ni wakulima. Basi mkulima alipelekewa sanduku la mbao na ufito wenye kitanzi cha kumkamatia nyoka. Akiisha kumkamata alimtia sandukuni na kumpeleka kwenye stesheni, na gari la moshi likamchukua mpaka São Paulo bila nauli. Badala ya nyoka wake mkulima alirudishiwa seramu, pamoja na karatasi ya kuandikia habari za mtu atakayeumwa na kutibiwa. Kwa njia hiyo taasisi ilipata sumu, ikapata na hesabu ya ajali za nchi nzima. Na mkulima alipata dawa ikae nyumbani kwake kabla ya siku ya haja. Nyoka, aliyekuwa hasara, akawa namna ya fedha. Zaidi ya hayo, mkulima alijifunza kutazama kabla ya kupiga, kwa kuwa nyoka aliyepondwa kichwa hakuwa na thamani.

Mfano wa tatu ni wa Newala. Mji huu uko juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, ukitazama bonde la mto Ruvuma. Udongo wake ni wa mchanga, maji yalikuwa ya shida siku zote, na ardhi ilifunikwa na vichaka vizito vilivyochanganyika na mashamba, miembe na mikorosho. Katika miti hiyo huishi koboko wa kijani, Dendroaspis angusticeps, nyoka mwoga ambaye hashuki chini ila kwa haja, na rangi yake humficha kabisa kati ya majani. Chini, katika majani makavu, hulala kifutu mkubwa wa msituni, mzito, mwenye madoa kama ya zulia, asiyeuma upesi lakini mwenye sumu nyingi mno. Watu walichuma korosho chini ya wa kwanza na kupita kando ya wa pili, mara nyingi bila kujua.

Huko ndiko alikoishi, baada ya kustaafu, Constantine John Philip Ionides. Alizaliwa Uingereza mwaka 1901 katika ukoo wenye asili ya Kigiriki, akaja Tanganyika akiwa askari katika miaka ya 1920, akawa mwindaji wa tembo, mara nyingine bila ruhusa, na mwaka 1933 akaajiriwa kuwa Bwana Nyama, akakaa Liwale na kufanya kazi kubwa katika kuijenga hifadhi ya Selous. Mapenzi yake ya mwisho yalikuwa nyoka, na watu wakamwita Bwana Nyoka. Chombo chake kilikuwa ufito mrefu wenye koleo nchani, wa kumshusha koboko mtini. Aliumwa mara kadhaa, na vidole vyake vilibaki na alama.

Lakini Ionides hakuwapata nyoka wake peke yake. Walioona mkia ukiingia mwembeni, waliosimama chini ya mti wakiulinda kwa macho nyoka asitoroke, waliotembea mwendo mrefu kuleta habari, walikuwa wakulima wa Newala na watoto wao. Aliwalipa fedha kwa habari hizo, kisha nyoka akatiwa mfukoni, na kutoka mfukoni sandukuni, na kutoka sandukuni akasafirishwa kwenda kwenye bustani za wanyama na maabara za ng'ambo. Mwaka 1965 yeye pamoja na Charles Pitman, aliyewahi kuwa mkuu wa Idara ya Wanyama ya Uganda, walichapisha maelezo juu ya nyoka wenye sumu wa Afrika ya Mashariki, na maelezo hayo yangali yakitumiwa na wataalamu. Ionides alifariki mwaka 1968.

Malipo ya Newala, basi, yalikuwa ya aina gani? Mkulima aliondolewa nyoka aliyekuwa juu ya paa lake, akapata na fedha ya chumvi au mafuta. Hilo si dogo, wala hapana sababu ya kumlaumu Ionides, ambaye hakuwa mtengenezaji wa dawa. Lakini sanduku lililotoka Newala halikurudi na seramu kama lile la São Paulo. Seramu ya kupinga sumu ya koboko mweusi ilianza kupatikana Afrika Kusini mwaka 1962, na mwaka 1971 ikapatikana seramu moja iliyochanganya kinga ya nyoka wengi wa Afrika, makoboko pamoja. Toka siku hiyo haikuwezekana tena kusema kwamba dawa haiko duniani. Iliyokosekana ni njia ya kuifikisha kwa mtu aliyeumwa: bei yake ilikuwa kubwa, mgonjwa mmoja aweza kuhitaji chupa nyingi, aina nyingine hutaka kuhifadhiwa katika baridi, na zahanati ya kijijini haikuwa na fedha wala jokofu.

Yaliyofuata yaliongeza uzito wa jambo hili. Mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza seramu iitwayo FAV-Afrique, yenye kukinga sumu za nyoka kumi wa Afrika, ilimaliza kuitengeneza kwa sababu haikuleta faida, na shehena ya mwisho ilikwisha muda wake mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitia kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, likikadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na vilema kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Wengi wa watu hao ni wakulima, wachungaji na watoto wao.

Maadamu njia hiyo ni ndefu, kinga ya kwanza ingali ile ya wazee: kufyeka majani karibu na nyumba, kutorundika kuni na mawe ukutani, kuweka nafaka mahali ambapo panya hafiki, kuvaa viatu shambani, kutembea na taa usiku, na kulala kitandani ndani ya chandarua. Na kwa aliyekwisha kuumwa, elimu ya sasa imekataza mengi yaliyofanywa zamani: asichanjwe kwa wembe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza, atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na achukuliwe hospitali bila kukawia.

Mambo hayo mkulima aweza kuyafanya mwenyewe. Seramu hawezi kuitengeneza. Wayeye walimrudishia mkulima walichokuwa nacho, ijapokuwa kilikuwa kidogo. Butantan ilimrudishia dawa yenyewe. Newala ililipwa fedha mara moja, na sumu ikaenda zake. Mpango wa mwaka 1901 haukuhitaji mitambo mikubwa: ulihitaji sanduku, stesheni, na kukubali kwamba mtu aliyemtoa nyoka ana haki ya dawa. Taasisi yoyote ya leo ikusanyayo sumu katika mashamba ya Afrika ya Mashariki itafanya vema kuanza na mapatano hayo, kabla ya kumtia nyoka wa kwanza mfukoni.