SEHEMU YA 4: KWA NINI BIBI ALISISITIZA NEPI ZIPIGWE PASI

Leo ni historia ya nzi wa maembe, yule ambaye buu lake linaota kwenye ngozi ya mtoto kama jipu. Ni nzi wa Afrika, kusini mwa Sahara, na huku kwetu Afrika Mashariki yupo.

Mwaka 1862 Wafaransa wawili, Coquerel na Mondière, waliandika habari za mabuu yaliyotolewa kwenye ngozi za watu huko Senegal. Likaitwa buu la Cayor, jina la eneo la huko. Nzi mwenyewe kitaalamu ni Cordylobia anthropophaga, maana yake "mla watu". Jina linatisha jamani, lakini hata panya na mbwa anawapata.

Swali likabaki: buu linaingiaje? Ni rahisi kudhani nzi anamtagia mtoto mwilini. Sivyo. Mwaka 1923 Blacklock na Thompson, waliomchunguza Sierra Leone, walionyesha kuwa anataga kwenye mchanga mkavu wa kivulini, hasa wenye harufu ya mkojo au kinyesi. Mayai yakianguliwa, buu linajificha mchangani kusubiri joto la mwili. Likigusa ngozi, linapenya taratibu, mara nyingi bila mtu kuhisi.

Sasa fikiria nepi iliyoanikwa chini, kivulini, bado ina harufu ya mkojo. Kwa nzi huyu ni kama mchanga ule ule!

Kwa hiyo:
👉 Fua vizuri, anika kwenye kamba juani, si chini wala kwenye majani.
👉 Piga pasi ya moto pande zote, hasa kwenye mishono na kiunoni. Joto linaua mayai na mabuu.
👉 Ukiona "jipu" lenye kitundu katikati, na mtoto analia kama anachomwa, usiliminye. Buu likipasukia ndani, uvimbe unazidi. Ziba kitundu kwa mafuta ya mgando, likose hewa lijitokeze, kisha mpeleke kituo cha afya likatolewe.

Na mama mwenzio akipatwa, usimcheke kuwa ni mchafu. Nepi iliyofuliwa ikang'aa nayo inatagiwa ikianikwa chini.

Wewe nepi unaanika wapi? Niambie hapo chini 👇