Sikoseli si Chira

Leo tunazungumza kuhusu sikoseli, ambayo pia huitwa selimundu, kwa sababu chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu.

Huku kwetu Homa Bay na Migori, mtoto akivimba vidole, akiwa na macho ya manjano na kulia kwa maumivu, wako wanaosema ni chira. Mara nyingi lawama humwangukia mama. Hebu tusikie historia.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali nchini. Katika jamii za Pwani na za kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa na urithi wa sikoseli. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja kwa mia. Akajiuliza: je, ni kwa sababu ya malaria?

Mwaka 1953 alirudi. Wanaume Waluo 30 walijitolea kuambukizwa malaria, kisha wakatibiwa. Kati ya 15 wasio na urithi huo, 14 waliambukizwa. Kati ya 15 wenye nao, ni 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954.

Basi mama, jibu ni hili. Mtoto akirithi kwa mzazi mmoja tu, haugui sikoseli, na ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndivyo wazee wetu wengi walivyopona, wakatuachia urithi huo. Akirithi kwa baba na kwa mama, ndipo huugua. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Hakuna wa kulaumiwa.

Lakini tahadhari: mtoto anayeugua sikoseli halindwi. Malaria ni hatari kubwa kwake. Alale ndani ya neti, anywe maji ya kutosha, apate chanjo zote na dawa za kliniki bila kukosa. Akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na baba pia apimwe damu.