KUZURURA MTANDAONI NAKO KUNA HISTORIA YAKE

Juzi nilitumwa kwenye mkutano mmoja hapa Moshi mjini. Mwaliko ulisema saa 4 asubuhi. Ukaanza saa 8 mchana! Sisi waandishi tulifanya nini? Kila mtu akatoa simu. Saa nne nzima tuliongea tu pale mtu alipouliza nani ana chaja. Niliporudi nyumbani nikajiuliza: hivi hii tabia ya kuzurura mtandaoni kwa sababu tu umeboeka, kwetu ilianza lini? Ndugu msomaji, ina historia, tena si ndefu.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo, kompyuta! Katazo lilikuja kulegezwa baadaye, na miaka ya 1990 intaneti ikaingia. Ilipitia kwenye satelaiti na ilikuwa ghali, kwa hiyo mtu wa kawaida aliifuata kwenye intaneti kafe.

Mwaka 2008, nikiwa darasa la tatu, kaka alinipeleka kafe moja mjini. Nusu saa shilingi 500. Barua pepe yake alishaiandika nyumbani kwenye daftari, ili akifika asipoteze dakika hata moja kufikiria. Saa inahesabu kwenye kona ya skrini, na Yahoo inafunguka taratibu kama mama anayepandisha mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nani angethubutu kuzurura pale? Mtu akiboeka alikwenda kijiweni, akacheza bao, akasikiliza redio. Vyote bure.

Mambo yakaanza kugeuka Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kupitia baharini. Bei zikaanza kushuka, simu za kisasa zikaingia, vifurushi navyo vikafuata. Mwaka 2014 Google wakamweka kwenye Chrome yule dinosau mdogo anayerukaruka jangwani mtandao ukikatika. Yaani hata mtandao usipokuwepo tumetafutiwa la kufanya! Dakika ambazo kaka alizipangia daftari, mimi nazitupa kwa mamia.

Sasa nifike panaponiuma.

Bibi yangu aliishi Old Moshi. Nikiwa chuo, kila likizo na kila Krismasi nilipanda kwake. Kwenye kihamba chake mtandao ulishika sehemu moja tu: pembeni ya kaburi la babu, karibu na masale. Basi nilikuwa nasimama pale hadi giza linaingia. Bibi akipita na majani ya migomba ananiuliza, "Mjukuu wangu, unaongea na babu yako?" Nacheka, naendelea kupandisha video.

Bibi alifariki mwaka 2022.

Mwaka uliofuata, Septemba 2023, nilikuwa zamu ya usiku ofisini. Habari hakuna, nikawa nazurura. Mara magoli, mara vichekesho, mara harusi ya msanii. Ghafla nikaangukia habari ya kutoka Berlin. Taasisi inayosimamia makumbusho makubwa ya huko ilikuwa imepima vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani. Fuvu moja lililingana na watu wa ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli.

Sikulala. Nilisoma jinsi wapiganaji wa Meli walivyowashinda Wajerumani mwaka 1892. Nikasoma alivyonyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, yeye na viongozi wengine 18. Inaaminika kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alikitafuta kwa miongo mingi. Katika vipimo vile vya 2023, cha Meli hakikuonekana.

Jina la Meli nililijua tangu shule. Lakini mahali aliponyongwa ni mwendo wa miguu kutoka lile kaburi nililokuwa nasimama kutafuta mtandao! Bibi alizaliwa miaka ya 1930. Waliomlea ni watu waliokuwa hai siku ile ya mwaka 1900. Walimsimulia nini? Sijui, kwa sababu sikumuuliza hata siku moja. Na wala siwezi kusingizia kukosa muda. Muda ulikuwepo tele. Niliumalizia pale kaburini, nimempa mgongo.

Siulaumu mtandao. Bila uzururaji wa usiku ule, habari ya Akida ningeikosa. Ila nimejifunza kwamba kuboeka ni nafasi tupu, na zamani nafasi ile kule kihambani ilikuwa ya wazee. Jioni moto umewashwa, hakuna cha kufanya, mzee anaanza kusimulia. Sisi ile nafasi tumeijaza kabla hajafungua mdomo.

Krismasi hii napanda tena. Yupo bibi mdogo, amevuka miaka 80, na simu hazipendi kabisa. Nimenunua daftari. Maswali nimeanza kuyaandika nyumbani kwanza, kama kaka alivyofanya, nisije nikapoteza dakika.