Kanuni za Kozi ya Aljebra ya Chuo na Hatima ya Mwanafunzi

Aljebra ya chuo ni kozi ya muhula mmoja inayosomwa na wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vya Marekani, kwa kawaida kwa krediti 3. Ndani yake mna milinganyo ya mstari na ya kipeo cha pili, fanksheni na grafu zake, polinomia, logarithimu na mifumo ya milinganyo. Aliyesoma tahasusi ya hisabati hadi kidato cha sita Tanzania ameshayapita mengi ya hayo. Hata hivyo, hii ni mojawapo ya kozi zinazowakwamisha wengi zaidi, na katika vyuo vingi mwanafunzi haendelei na hisabati ya juu bila kupata angalau daraja la C, ambalo aghalabu huanzia alama 70 kwa 100.

Sababu za kukwama hutafutwa kwa mwanafunzi mwenyewe, au katika shule alikotoka. Kisichochunguzwa vya kutosha ni mwongozo wa kozi, ule waraka wa kurasa chache unaogawiwa siku ya kwanza kueleza alama zinavyogawanywa, kazi zinavyokusanywa na nani anaruhusiwa kurudia jaribio. Wengi huuona kuwa jambo la utawala tu. Kwa kweli waraka huo ni sehemu ya ufundishaji, kwani ndio unaomwonyesha mwanafunzi pa kuelekeza saa zake, na mwanafunzi hufuata alama kuliko mawaidha.

Kanuni ya kwanza huanza kazi kabla ya kipindi cha kwanza: nani aingie darasani. Kwa miongo kadhaa vyuo vya jamii vilitegemea mtihani wa kupima uwezo, na aliyeshindwa alipelekwa kwenye kozi za msingi zisizohesabiwa katika shahada, wakati mwingine mbili au tatu mfululizo. Mpango huo ulikuwa na kasoro ya kihesabu. Tuseme katika kila ngazi hufaulu wanafunzi 60 kwa kila 100. Baada ya ngazi tatu watabaki takriban 22, hata kama hakuna aliyeacha masomo njiani. Sheria ya California iitwayo AB 705, iliyotiwa saini mwaka 2017, ilivitaka vyuo vya jamii vya jimbo hilo vitumie matokeo ya sekondari, na kumpa kila mwanafunzi nafasi kubwa kadiri iwezekanavyo ya kumaliza kozi ya hisabati ya kiwango cha chuo ndani ya mwaka mmoja. Mwenye upungufu huingia kwenye kozi yenyewe na kupewa vipindi vya msaada sambamba nayo.

Ushahidi wa njia hiyo si wa nadharia pekee. Katika Chuo Kikuu cha Jiji la New York, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wanafunzi waliohesabiwa kuwa hawajawa tayari. Waliowekwa kwenye aljebra ya msingi walifaulu karibu asilimia 39. Waliopelekwa moja kwa moja kwenye takwimu ya kiwango cha chuo, pamoja na warsha za kila wiki, walifaulu karibu asilimia 56. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yanazua swali ambalo kila idara inapaswa kulijibu: je, asiyekusudia kusoma kalkulasi alazimishwe kupitia aljebra?

Kwa aliyekwisha kuingia, sharti zito zaidi ni la muda. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinaihesabu krediti moja kuwa saa moja darasani na zisizopungua mbili nje ya darasa kila wiki, kwa takriban wiki 15. Kozi ya krediti 3 kwa hiyo hudai saa tisa kwa wiki. Mwongozo unaoandika tu kwamba bidii inahitajika humficha mwanafunzi anayefanya kazi ya kutwa jambo ambalo angelipanga mapema. Mahudhurio nayo yana maana pale tu kipindi kinapotumika kukokotoa. Kumpa mtu alama kwa kukaa kitini ni kupima kiti. Nyongeza ya muda wa mtihani kwa wenye ulemavu ni haki ya kisheria, na inatosha mwongozo ueleze wazi ofisi ya kuiendea.

Mizani ya alama ndiyo yenye uzito kuliko yote. Chukua mwanafunzi aliyepata 100 katika kazi za nyumbani na wastani wa 62 katika mitihani. Kazi zikibeba asilimia 20, jumla yake ni 69.6, naye anarudia kozi. Zikibeba asilimia 30, anapata 73.4 na kuendelea. Ujuzi ni uleule. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa mwongozo. Idara isiyoweza kueleza kwa nini ilichagua 20 au 30 haina msingi wa kumwambia huyo wa kwanza kwamba ameshindwa aljebra.

Kwa kuwa mada za aljebra hujengwa moja juu ya nyingine, anayekosea vigawo mwezi wa kwanza na kuvimudu mwezi wa tatu ameshajifunza. Wastani wa kawaida haulioni hilo. Alama 45, 70 na 75 katika majaribio na 80 katika mtihani wa mwisho, zikiwa na uzito sawa, hutoa 67.5; alama ya mtihani wa mwisho ikiruhusiwa kuchukua nafasi ya jaribio baya kuliko yote, hutoa 76.25. Kanuni hii inastahili kuwa ya kawaida, mradi mtihani wa mwisho uguse mada zote za muhula.

Hoja nzito dhidi ya kuongeza uzito wa kazi za nyumbani ni kunakili, hasa sasa ambapo programu za simu husoma mlinganyo kwa kamera na kutoa hatua zote. Marufuku pekee haitoshi, kwa sababu kinachofanyika nyumbani hakionekani. Kinachofaa ni kuigawa asilimia 30 ile: 10 kwa kazi yenyewe, na 20 kwa jaribio fupi la kila wiki linaloandikwa darasani kwa mkono, bila simu, maswali yake yakichaguliwa kutoka katika kazi hiyohiyo na alama zikitolewa kwa kila hatua. Aliyenakili hubaki na zile 10, na aliyekokotoa mwenyewe hukutana na maswali anayoyajua.